Bati Halizai

Miaka kadhaa nyuma nilitumwa kuandika habari za kiwanda kidogo cha sufuria hapa Dar es Salaam. Nilimkuta fundi mmoja, mtu mzima, anapiga hesabu ukutani kwa penseli. Alikuwa anatafuta ukubwa wa duara la bati la kuanzia.

"Unataka sufuria gani, mwandishi?"

Nikamwambia kipenyo sentimita 20, kina 10. Akaandika: 20 mara 20 ni 400. Nne mara 20 mara 10 ni 800. Jumla 1,200, kipeuo chake cha pili, kama 34.6. Hicho ndicho kipenyo cha duara, halafu unaongeza kidogo cha kukata, maana bati likishavutwa ukingo wake huota masikio.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Unene ukibaki karibu uleule, eneo la duara lazima lilingane na la kitako pamoja na ukuta. Mashine inasukuma bati kwenye kalibu, haiongezi kitu.

"Bati halizai," alisema.

Ukikata dogo je? Sufuria inatoka fupi. Na kubwa zaidi, ili iwe ndefu? Akacheka. Duara likifika kama mara mbili ya kipenyo cha sufuria, ukilazimisha kwa pigo moja linapasuka karibu na kitako. Sufuria ndefu huvutwa kwa hatua, na katikati bati linaweza kupashwa moto ili lilainike tena.

Nilirudi ofisini kimya. Wiki ileile nilikuwa nimemfokea kijana wetu wa mkoani kwa habari nyembamba, mtu mmoja tu kahojiwa. Nilikuwa nimempa siku moja, na nauli ya kwenda bila ya kurudi. Mwezi uliofuata aliacha. "Samahani bosi, nimepata shughuli nyingine," alisema, kwa heshima zote.

Sasa, kosa lilikuwa la nani? Utaniambia binadamu si bati: wapo wanaopewa kidogo na wakatoa kikubwa. Kweli wapo, na tunawasifu sana. Ila tukiwasifu hatuulizi hicho kilichozidi kimetoka wapi. Mara nyingi kimetoka kwenye usingizi wao, au kwenye pochi ya mama mtu. Ukuta umerefuka kwa sababu umekonda, na sisi tunaangalia urefu tu.

Kumdai mtu kingi si dhuluma. Dhuluma ni kumdai kina ambacho hukumkatia bati lake, halafu ikitoka fupi ukamlaumu yeye. Yule fundi sufuria ikitoka fupi hugeukia hesabu yake ukutani kwanza. Mimi niligeukia simu, nikafoka.

Siku hizi kabla sijamtuma mtu nauliza: una siku ngapi, una shilingi ngapi, nani atakupokea huko? Yule kijana namba yake ninayo bado. Sijampigia.