Herufi Moja kwenye Logibuku

Nilitia sahihi kuwa mdhamini wa mkopo ule, kwa hivyo kisa hiki ni changu pia.

Mpwa wangu analima majani chai hapa Kapkatet, shamba aliloachiwa na marehemu babake. Bonasi ilipoingia aliijumlisha na akiba yake, akaongeza mkopo wa sako, ule unaokatwa kwenye malipo ya majani kila mwezi. Akawa na milioni mbili na laki mbili za kununulia gari.

Yalikuwepo mawili ya bei hiyo. La kwanza Subaru Levorg ya 2018, lililotoka Japani na cheti cha ukaguzi, pamoja na karatasi ya mnada iliyoandika kilomita zake na hata mkwaruzo wa mlango wa nyuma. La pili Impreza ya buluu, rimu za rangi ya dhahabu, beji za waridi za STI mbele na nyuma. Muuzaji alisema ni S204.

Buluu na dhahabu zina nguvu juu yetu. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza ya rangi hizo, Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa bado wanasimuliana habari hizo kana kwamba walisimama kando ya barabara wakala vumbi. Nayo S204 si hadithi: Subaru ilitengeneza magari 600 tu ya toleo hilo la STI, kuanzia mwishoni mwa 2005, yenye nguvu za farasi 320.

"Mjomba, mia sita tu dunia nzima," aliniambia. "Levorg ni gari la mwalimu. Halina hata gia ya kushika."

Nilipaswa kumwambia alete logibuku tuisome. Badala yake nilimuuliza kama limepigwa rangi upya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo S204 yoyote iliyoko nchini leo imekuwa kwenye barabara zetu zaidi ya miaka kumi, ikipita mkono hadi mkono. Gari la namna hiyo huulizwa maswali mengi kuliko Levorg, wala si machache. Sisi tulifanya kinyume: lile la kawaida tulilichunguza hadi mkwaruzo, lile la ajabu tukaliamini kwa macho.

Miezi minne baadaye alilipeleka gereji kubadilishwa mkanda wa taimingi. Injini ya EJ20 hutumia mkanda, nao hubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Ukikatika gari likienda, pistoni hugonga valvu na injini imekwisha. Hakuna aliyejua mkanda ule ulikuwa na umri gani. Fundi, mzee wa makamo ambaye hazungumzi sana, alifungua boneti, akachukua kitambaa chenye mafuta na kufuta ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, pale namba ya chesisi ilipochongwa. Akasoma kimya, kisha akauliza:

"Kijana, hili gari lina gia ngapi?"

"Tano."

"STI ya miaka hii ina sita. Na namba yake huanza na GDB. Hii yako ni GDA."

GDA ni WRX ya kawaida. Ni gari zuri, lina turbo, linakimbia, lakini halimo katika yale 600. Kilichoniuma zaidi ni kwamba logibuku ilikuwa na herufi hizo hizo tangu siku ya kwanza, na mpwa wangu alikuwa ameikunja mfukoni alipohesabu pesa. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwa upole kwamba mkataba unasema "Subaru Impreza", basi. Tuliusoma upya mezani kwa dada yangu. Ni kweli. Neno S204 lilitamkwa mara nyingi, halikuandikwa hata mara moja.

Na hata lingekuwa la kweli, nilipaswa kumshauri asilinunue. Injini zile ziliwekwa sawa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na super ya stesheni zetu haifiki hapo. Spea za toleo la magari 600 huagizwa kwa majina na kungojewa, na yeye alihitaji gari la kumpeleka mamake kliniki Kericho.

Mwaka 2025 bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa ilishuka, wakulima wakalalamika, lakini makato ya mkopo hayakushuka. Aliamua kuliuza. Mnunuzi alitoka Sotik, akatoa milioni moja na elfu hamsini. Mpwa wangu aliandika mkataba kwa mkono wake: namba yote ya chesisi, kisha "WRX, gia tano, si STI". Nilitia sahihi kuwa shahidi, safari hii baada ya kusoma kila mstari huku logibuku iko mbele yangu.

Kabla ya kutoa ufunguo aliomba maji ya moto na uzi wa kuvulia samaki. Akapitisha uzi nyuma ya beji, polepole asiharibu rangi, mpaka zote mbili zikabanduka. Kwenye buti ilibaki alama ya gundi, herufi tatu, zikisomeka vizuri tu. Aliisugua kwa kidole gumba hadi mnunuzi akamwambia inatosha.