Darasa Lisilo na Mwalimu

Je, ni aibu kwa mtu mzima kwenda kutafuta watu wa kumsaidia kuacha pombe? Wengi husema ni aibu. "Uliinywa kwa mkono wako mwenyewe, basi iache mwenyewe." Maneno haya nimeyasikia misibani, vilabuni na hata katika ofisi za walimu. Kwa kuwa yana sura ya hekima, hatuna budi kuyapima.

Ndugu msomaji, kuwa na wajibu juu ya jambo si sawa na kulitenda peke yako. Shamba la mkulima ni lake, na njaa ikija ni yake. Hata hivyo palizi ikimzidi nguvu huita majirani kwa msaragambo, wala hakuna anayemwambia kwamba ameukimbia wajibu wake. Kwa nini basi tunamruhusu mtu kuita watu kwa ajili ya mahindi, halafu tunamcheka akiwaita kwa ajili ya uhai wake?

Nadhani kinachotuzuia ni picha tuliyo nayo kichwani. Tunamwona mwenye kutafuta kikao kama ombaomba aliyenyoosha mkono. Nilifanya kazi na mkufunzi mmoja, hodari wa hisabati, aliyekuwa akiingia darasani asubuhi mikono ikimtetemeka. Daktari alimweleza kwamba wako watu wanaokutana kila Alhamisi jioni mjini, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa. Majuma matatu alipita nje ya mlango ule bila kuingia. Baadaye aliniambia, "Mkuu, niliona heri nife kuliko kukutana humo na mzazi wa mwanafunzi wangu." Hakukumbuka kwamba mzazi huyo, kama angekuwamo, angekuwa ameletwa na shida ileile.

Historia ya vikao hivi yaikanusha picha ya ombaomba. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, huko Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, naye alikuwa na miezi michache tu tangu aache ulevi. Akiwa hotelini, tamaa ya pombe ilimrudia. Alikwenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa ikimwangamiza. Wilson hakwenda kumhubiria daktari yule. Alikwenda kuyaokoa maisha yake mwenyewe kwa kusimulia yaliyompata. Tarehe 10 Juni 1935, siku daktari alipokunywa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, jumuiya ya walevi wasiotajana majina hadharani.

Kwa hiyo, aliyetafuta msaada na aliyetoa msaada alikuwa mtu yuleyule. Mimi niliyezoea darasa lenye mwalimu mbele na wanafunzi nyuma, jambo hili lilinifikirisha sana. Hapa kila mmoja ni mwalimu kwa yale yaliyompata, na kila mmoja ni mwanafunzi. Hakuna ada, ila michango ya hiari. Sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Mgeni wa siku ya kwanza hakuja mikono mitupu, kwa sababu aliyekaa miaka kumi bila pombe anahitaji kukumbushwa alikotoka.

Asiyeshawishika na hadithi atazame ushahidi. Mwaka 2020 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Ulionyesha kwamba mipango maalumu ya kuwaelekeza wagonjwa kwenye vikao hivi ilisaidia watu wengi zaidi kudumu bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo.

Sisemi kwamba kikao kinatosha kwa kila mtu. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu aanzie hospitali, maana kuacha ghafla kwaweza kumletea degedege, hata kifo. Na asiyepatana na kikao kimoja ajaribu kingine, kwani watu hutofautiana.

Na pasipo na kikao? Desturi ya jumuiya hiyo ni kwamba hata watu wawili au watatu wanaokutana kwa nia ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi. Kijiji gani kitakosa wawili?

Tuliobaki nasi tuna wajibu wetu. Kwanza, tusisimame njiani kuhesabu nani ameingia wapi. Pili, kila mwalimu mkuu, shehe, padri, mchungaji na mganga wa zahanati afanye bidii ya kujua kikao kilicho jirani ni kipi, hukutana siku gani na saa ngapi. Mtu anayeuliza jambo hili huenda amechukua miezi mingi kulikusanya swali lake. Apewe siku, saa na mahali, na akitaka, asindikizwe. Mahubiri ameshayasikia.