Dini Isiwakate Undugu

Wajukuu zangu, mkinisikia nasema juu ya dini msidhani nataka kumrudisha mtu msikitini wala kanisani. Mmekua, mmesoma, kila mmoja ana njia yake. Sisi watu wa Tanga hatuna ugeni na hilo: ukoo mmoja una Athumani na una Stefano, na siku za sikukuu sahani zinavuka ua. Ninalowaonya ni hili la kusema fulani ametoka kwenye imani, basi asisalimiwe, asialikwe, asipelekewe hata habari ya msiba mpaka atubu. Wazee walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Anayewafundisha kumkata mliyezaliwa naye, muulizeni siku ya kufa kwenu yeye atakuwa wapi.

Kutenga hakukuanza jana. Katika baadhi ya makanisa ya huku kwetu msichana akipata mimba kabla ya ndoa huwekwa nje ya kundi, hakaribii meza ya Bwana hadi asimame mbele ya usharika arudishwe. (Kijana aliyempa mimba mara nyingi mtamkuta kwaya, anaimba besi.) Lakini hata hapo mama yake humpikia uji wa uzazi, na shangazi humbeba mtoto. Adhabu huishia mlangoni mwa kanisa.

Kwa wengine huingia hadi nyumbani. Kwa Mashahidi wa Yehova, mbatizwa anayeonekana ametenda dhambi kubwa bila kutubu hukutana na halmashauri ya wazee wa kutaniko. Wakimwondoa, hutangazwa mkutanoni kwa sentensi moja kwamba si Shahidi tena, kosa halitajwi. Kuanzia hapo wale aliohubiri nao nyumba kwa nyumba hawali naye. Akiwa na mume, ndoa inaendelea. Lakini mama yake aliye mtaa wa pili hutarajiwa kupunguza mawasiliano hadi mambo ya lazima ya familia. Mwaka 1981 gazeti lao la Mnara wa Mlinzi lilikaza msimamo, hata aliyejiondoa kwa hiari yake akatendewa kama aliyeondolewa. Mwaka 2024 walilegeza kidogo: mtu wa namna hiyo anaweza kualikwa mkutanoni na kusalimiwa kwa ufupi, isipokuwa anayehesabiwa mwasi.

Wao husema hufanya hivyo kwa upendo, ili mkosaji ajirudi na kutaniko libaki safi. Wapo waliorudi kweli. Lakini aliyerudi kwa kuwa amemkumbuka mama yake amerudi kwa mama. Imani yake hamuijui, na mkimsifu mkutanoni mnasifu kiu ya mtoto.

Msitegemee hakimu naye. Nchini Norwei serikali iliwanyima Mashahidi ruzuku mwaka 2022 kwa sababu ya kutenga huku. Mahakama ya mwanzo ikaiunga mkono serikali mwaka 2024, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikawapa haki Mashahidi. Kanada, mtu aliyeondolewa alishtaki akisema hata wateja wake wa biashara ya nyumba wamemkimbia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikasema nani awe muumini si kazi ya mahakama. Nadhani walisema kweli. Hakuna amri ya korti itakayomfanya mama apokee simu.

Waislamu wenzangu hupenda kutaja kisa cha Kaab bin Malik wanapotaka kuhalalisha kususa. Basi wakisimulie chote. Kaab na wenzake wawili walibaki Madina bila udhuru wakati wa safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijria, na Mtume akaamuru watu wasiseme nao. Kaab akawa anapita sokoni hakuna wa kumsemesha; hata binamu yake Abu Qatada hakumwitikia salamu. Katikati ya dhiki hiyo ikamfikia barua ya mfalme wa Ghassan, ikimwita aende kwake atunzwe. Kaab aliitia tanuri. Wangapi kati yenu wangeitia tanuri? Aliyenyimwa salamu kwao humfuata yeyote atakayemsalimu, awe mwema au mwindaji. Na siku ya 50 toba yao ikakubaliwa, watu wakakimbilia kuwapongeza, sahaba Talha akainuka mbio akampa Kaab mkono, na jambo likafungwa. Ilikuwa amri moja, kwa watu watatu, nayo ilikuwa na mwisho. Sisi wengine tumewekewa mpaka wa siku tatu za kununiana, basi. Tena Surat Luqman inamtaka mtoto ambaye wazazi wanamshurutisha kumshirikisha Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema. Ikiwa mzazi mshirikina hatengwi, ndugu aliyebadili dhehebu mtamtenga kwa hoja gani?

Wakristo nao wana Paulo. Barua ya kwanza kwa Wakorintho inataka mtu aondolewe. Ya pili inataka mkosaji aliyeadhibiwa asamehewe na kufarijiwa, asije akalemewa na huzuni. Wengi wanaikumbuka ya kwanza.

Kuna upande mwingine, na huu ndio unaoninyima usingizi. Paul Mackenzie alianzisha kanisa la Good News International huko Malindi mwaka 2003. Alihubiri dhidi ya shule na dhidi ya hospitali. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, wafuasi wakahamia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na huko wengi wakaacha kula. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na hatimaye miili ikapita 400. Kesi yake tuiachie mahakama. Mimi natazama ndugu. Msalaba Mwekundu wa Kenya waliweka dawati hospitalini Malindi kuandikisha waliopotea, na wazee walikuja na picha za watoto na wajukuu ambao hawakuwasikia muda mrefu. Vipimo vya vinasaba vilichukua miezi, na miili ya kwanza kukabidhiwa jamaa ilitoka Machi 2024. Kabla ya watu wale kuacha kula walikuwa wamekwisha kuacha ndugu. Kanungu, Uganda, ilikuwa vivyo hivyo: waumini walioungua ndani ya kanisa tarehe 17 Machi 2000 walikuwa wametenganishwa mume na mke, mzazi na mtoto, na wengi wao wakizungumza kwa ishara tu.

Mhubiri akikuomba sadaka, hiyo ni kawaida yao. Akikuuliza kwa nini bado unampigia mama yako, ondoka siku hiyo hiyo.

Na sisi tuliobaki nje tusijifanye hatuna lawama. Kijana akijiunga na kundi la ajabu, baba humnyima radhi, kaka humcheka, shamba lake hugawanywa. Mnampa kiongozi wake ushahidi wa bure kwamba dunia inamchukia. Huko Marekani miaka ya 1970 wazazi walikodi watu wawateke watoto wao wakubwa kutoka kwenye makundi ya dini na kuwafungia ndani mpaka wakane. Ted Patrick, aliyevuma kwa kazi hiyo, aliishia jela. Nguvu haikai na imani.

Basi fanyeni hivi. Mpelekeeni habari za nyumbani: dada kajifungua, muhogo umekomaa, baba kalazwa hospitali ya Bombo. Habari zisiwe na aya wala hoja, na msimuulize anarudi lini. Asipojibu, pelekeni nyingine mwezi ujao. Mchagueni mtu mmoja asiye na maneno mengi, shangazi au mjomba, awe njia yake. Huyo asigombane naye hata akitukanwa. Akija msibani akakataa kuingia kwenye ibada, mpeni kiti nje, na mtu wa kukaa naye. Wala msimwekee mtego wa kumwita chakula akakuta shehe au mchungaji ameketi anamsubiri. Atakayefanyiwa hivyo mara moja hatakanyaga tena.

Na yeyote kati yenu aliye na mzazi au ndugu ambaye hajasema naye kwa ajili ya dini, ampigie jioni hii, amuulize hali yake tu. Simu isipopokelewa, Jumapili mtumeni shangazi, nauli nitatoa mimi.