Mafuta ya Mwani na Taa ya Msikiti

Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi walikwisha jadiliana, karne nyingi kabla ya kuwako umeme, juu ya mafuta yaliyoingiwa na najisi; wakasema, kwa kauli iliyo mashuhuri, kwamba yafaa kuwashia taa nyumbani, lakini msikitini yasiingizwe. Mas-ala haya, ambayo mtu angedhani yalikwenda pamoja na vibatari, yamerejea kwa mlango mwingine tangu wataalamu walipoanza kufuga mwani katika maji ya vyoo na kutaka kuukamua mafuta ya kuwasha.

William Oswald wa California, aliyeishughulikia kazi hii tangu miaka ya 1950, alitengeneza mabwawa ya kina kifupi ambamo maji huzungushwa polepole. Humo bakteria huozesha uchafu na kutoa hewa ya kaboni, na mwani, usioonekana kwa macho chembe mojamoja, huila hewa hiyo pamoja na nitrojeni na fosforasi, kisha huwapa bakteria oksijeni, kila mmoja akiishi kwa masazo ya mwenziwe. Huko Chiclana, karibu na Cádiz katika Hispania, mwani wa namna hiyo umeozeshwa ndani ya matangi, na gesi yake ikaendesha motokaa.

Je, najisi hurithiwa? Wanazuoni wetu husema kwamba mmea uliomea juu ya najisi si najisi kwa dhati yake: palipogusana nayo huoshwa, na punje iliyomo sukeni ni tahiri. Mwani nao haukula kinyesi; ulikula chumvi zilizoyeyuka, na mafuta yake uliyafanya wenyewe kwa nuru ya jua. Lakini hapa pana tatizo ambalo wapendao kuhalalisha upesi hulipita kimya: suke huoshwa kwa mkono, na chembe hii ataiosha nani? Hukamuliwa pamoja na tope lililoambatana nayo, ya ndani na ya nje yakachanganyika. Mahanafi wangetujibu kwa istihala, kuwa kitu kikigeuka dhati yake hukumu ya kwanza huondoka. Ila mafuta haya hayakugeuka, yamechafuka tu, na kwa rai yangu taa yake na iwake barazani.

Gesi ni shauri jingine. Mafakihi wale wale walipambanua moshi wa najisi iliyochomwa, ambao ni najisi na kidogo chake husamehewa, na mvuke upandao chooni wenyewe pasi na moto, ambao ni tahiri. Gesi ya matangini naiona katika fungu hili la pili. Na ajabu ni kwamba kilichopitia uozo ndicho kilichoikaribia mihrabu kuliko mafuta yaliyohifadhiwa ndani ya chembe hai. Imebaki harufu: gesi hiyo kwanza huondolewa salfa inayonuka, na muumini aliyekatazwa kuingia msikitini na harufu ya kitunguu thumu kinywani ana haki ya kuuliza kama kazi hiyo imefanywa sawasawa.