Vumbi Lina Kinga

Nimezaliwa Amani, ndani ya ukungu wa Usambara Mashariki, ambako mtu husahau kuwa anapumua. Nilishuka Muheza kusoma, nikaishia kuwa wakili mjini Tanga, na riziki yangu imetokana na vifua vya watu wengine.

Mzee aliyeniachia swali moja alifanya kazi katika shamba la mkonge, chumba cha brashi, ambako singa kavu husuguliwa hadi zing'ae na vumbi likatanda kama unga wa mashineni. Alikuja ofisini akiwa anatua kila baada ya maneno matatu. Nikamwuliza nani kamfikisha hapo. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni kadari. Ajali haina kinga."

Wakristo wa kwetu milimani nao husema ni mapenzi ya Mungu. Maneno hayo hunitia haya. Nitamwambiaje mtu aiweke kando subira yake ili mimi nipate shauri? Mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha kwamba kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, pamba ikigusana na moto anayeiunguza ni Mungu. Mwajiri yeyote angeipenda hoja hiyo: vumbi halijamdhuru mtu.

Lakini Ghazali alikuwa pia fakihi, na simjui fakihi awezaye kumwachia huru mtu aliyeichoma nyumba ya jirani. Nani anaunguza, hilo ni la imani. Nani aliisogeza pamba, hilo ni la kadhi.

Nikamwuliza mzee kifua kilikuwa kikimbana siku gani. Akafikiri. "Jumatatu." Jumapili alipumzika, Jumatatu akirudi brashini kifua hukaza kama kilichofungwa kamba, kufikia Alhamisi hulegea. Miaka ikaenda, kikawa hakilegei tena. Madaktari wanaujua ugonjwa huo kwa wanaoshughulika na pamba na nyuzi nyingine, wanauita bisinosisi, na Jumatatu ndiyo alama yake.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kadari gani hii inayofuata zamu za kiwanda? Ajali haina kinga, sawa. Vumbi lina kinga: feni ya kulivuta, na kitambaa cha puani." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Tulidai kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Sheria hiyo haimtaki mgonjwa athibitishe uzembe wa mwajiri. Ugonjwa ukishaonekana umetokana na kazi, yatosha. Kwa mtu asiye na pumzi ya kubishana miaka kumi, hiyo ni rehema. Kule Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walioathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu walipita njia ndefu. Walishinda mwaka 2020, wakapokonywa fidia kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ya Kenya ikawarudishia Desemba 2024, shilingi bilioni 1.3. Wao angalau walisomewa hukumu iliyotaja nani alikosa nini.

Mzee wangu alilipwa. Alipokuja kuniaga aliishika barua ya malipo, akaniomba nimsomee mahali palipoandikwa kwamba wenye shamba walijua. Nikamwambia hapapo, sheria haikuwauliza.

Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Alhamdulillahi kwa pesa," akasema. "Nami nilitaka nisamehe kabla sijafa. Sasa nimsamehe nani?"