Je, Chakula cha Mgeni Chauzwa?

Liko swali moja ambalo wazee wa Fizi hupenda kuwatupia vijana, nalo si jepesi kama lionekanavyo. Wazee husema: zamani hapakuwa na mtu wa kwetu aliyeuza bugali uliokwisha kupikwa. Mgeni alifika, akanawa, akala, akalala, asubuhi akaenda zake. Leo mgeni akifika Baraka, jambo la kwanza ni kutazamwa mfuko wake. Je, hii si aibu? Je, tumeanza kuuza kile ambacho baba zetu walikitoa bure?

Tumelifikiri swali hilo mara nyingi, maana ni swali la haki na la upendo pamoja, na mtu akilijibu upesi atamwonea mmoja wapo.

Kwanza tutazame mambo yalivyo. Baraka umekaa pwani ya Ziwa Tanganyika, ndani ya ghuba ambayo ramani huiita ya Burton, na ng'ambo yake yaonekana milima ya Ubwari. Ni mji wa njia. Toka Uvira watu huja kwa barabara ya kando ya ziwa, wakipita Makobola na Mboko. Wengine hushuka toka Fizi milimani. Wengine hufika kwa mtumbwi wa mashini. Lori likikwama katika matope, abiria huingia usiku, tumbo tupu, nao hawana ndugu hapo. Basi karibu na soko na karibu na pwani zimesimama nyumba za chakula, nyingi za mbao na mabati, na benchi mbili tatu ndani. Wengine huziita restora. Wale waliokaa miaka mingi katika kambi za Tanzania husema hoteli. Na wenye kutoka Kinshasa husema malewa. Jina si kitu. Ndani utapata bugali wa mihogo, sombe iliyotiwa mawese, ndagala, na mukeke wa kuchoma au wa mchuzi. Siku ya bahati yuko kuhe, samaki mkubwa, mwenye nyama nyeupe ambayo hatuoni haya kuisifu.

Lakini mlaji huona sahani tu. Kazi iliyo nyuma ya sahani haioni. Wavuvi hutoka usiku wa giza na taa zao. Ndagala hufuata nuru, na mukeke hufuata ndagala apate kumla. Alfajiri mama mwenye nyumba ya chakula yuko pwani tayari, akibishana bei kabla jua halijachomoza. Mihogo ililowekwa siku kadhaa ili sumu yake itoke, ikaanikwa, ikasagwa. Sombe ilitwangwa, ikachemshwa saa nyingi. Makala yamenunuliwa, maji yamechotwa, tena katika mji ambao kipindupindu huurudia mara kwa mara ni lazima maji hayo yawe safi, kama sivyo mama huyu atawaua wateja wake. Sasa, anayesema kwamba chakula hiki kingetolewa bure, amefikiri ni nani angelipa gharama yake?

Hapa twaomba ruhusa ya kuwajibu wazee wetu kwa heshima. Ni kweli, zamani mgeni hakulipa. Lakini aliyelipa alikuwako: alikuwa mke wa mwenyeji. Mume alipata sifa ya ukarimu, na mke alipata moshi machoni. Tusome habari za Ibrahimu pale Mamre, katika sura ya 18 ya kitabu cha Mwanzo. Aliwaona wageni watatu, akakimbia kuwalaki, jambo zuri sana. Kisha akaingia hemani akamwambia Sara afanye haraka kukanda unga. Wahubiri wengi humsifu Ibrahimu, wala hawakosei. Ni wachache wanaotaja mikono ya Sara. Basi leo, mikono ile ile ikipika sokoni na kupokea faranga, na faranga hizo zikilipa karo ya watoto, sisi hatuoni kwamba ukarimu umekufa. Twaona kwamba kazi iliyofichwa imetoka nje ikaonekana.

Tena hata zamani ukarimu haukukosa mpaka. Waswahili husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Ndiyo kusema, ulaji wa bure ulikuwa na kikomo, na baada yake mgeni alilipa kwa jasho.

Katika nchi nyingine vivyo hivyo watu walipata kutafuta njia kati ya kutoa na kuuza. Tuchukue Italia, nchi tusiyoweza kuihesabu kama ya mbali sana na Fizi, kwa sababu tutakayoitaja baadaye. Nje ya mji mkubwa wa Roma, kilometa 25 hivi, uko mji mdogo wa Ariccia juu ya vilima, jirani na Castel Gandolfo ambako Mapapa wengi walipumzika wakati wa joto. Ariccia wajulikana kwa nyumba zake za kale za kula na kunywa ziitwazo fraschette. Jina hilo latokana na tawi la majani lililotundikwa mlangoni, kuwajulisha wapita njia kwamba divai mpya iko tayari. Hapo zamani mwenye nyumba aliuza divai tu na nafasi ya kukaa. Chakula watu walikuja nacho wenyewe, mkate na jibini katika kitambaa. Siku hizi chakula nacho chapatikana, hasa nguruwe mzima aliyetolewa mifupa, akajazwa vitunguu saumu, pilipili manga na majani ya harufu nzuri, akaokwa saa nyingi. Watu wa Roma hupanda vilima siku ya Dominika kwa ajili ya nyama hiyo. Na huko Bologna iko nyumba moja, Osteria del Sole, iliyoanza mwaka 1465, ambayo hata leo huuza kinywaji tu, na mteja huja na chakula chake mkononi. Fikirini, ndugu: wageni wasiojuana wakikaa meza moja, kila mmoja akifungua kifurushi chake. Ni vigumu kula hivyo bila kumwonjesha jirani.

Neno lenyewe osteria latufundisha kitu. Latoka katika neno la Kilatini hospes, na hospes maana yake ni mgeni na pia ni mwenyeji, mambo mawili katika neno moja. Humo humo yametoka maneno hospitali na hoteli. Kumbe mahali pa kumponya mgonjwa na mahali pa kumlisha msafiri palianzia mlango mmoja. Babu zetu wa pwani hawakujua Kilatini, lakini walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nayo haiko mbali.

Wabembe nao walikuwa na nyumba yao, lubunga, ambapo wanaume walikaa, wakaamua mashauri, wakala pamoja. Sahani zilitoka katika majiko ya nyumba mbalimbali zikawekwa mbele ya wote. Mpita njia aliyeketi humo hakuuliza hiki ni cha chungu cha nani. Nguvu ya lubunga, kwa maoni yetu, haikuwa kwamba chakula kilikuwa bure. Nguvu yake ilikuwa kwamba hakuna aliyekula akiwa amempa mwenzake mgongo.

Mtu ataweza kuuliza: mbona sisi hatuna nyumba ya chakula ya miaka mia tano, wala ya hamsini? Jibu si uvivu. Nyumba ya namna hiyo huzeeka mahali penye amani, ambapo mama humwachia binti chungu, na binti humwachia mjukuu. Kwetu vyungu viliachwa juu ya moto watu wakakimbia: mwaka 1964, tena mwaka 1996, tena mwaka 1998. Kuanzia mwaka 2005 meli zikawarudisha wakimbizi toka Kigoma hadi Baraka, nao wakaanza upya kwa sufuria moja na benchi la kuazima. Anayecheka mabati ya Baraka akilinganisha na mawe ya Ariccia, na ahesabu kwanza miaka ambayo kila mji uliachiwa utulie.

Mwaka huo wa 1964 hatuwezi kuupita. Wamisionari wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, shirika lililoanzishwa Parma mwaka 1895, walifika Kongo mwaka 1958. Walikuwa wageni wa meza zetu. Tarehe 28 Novemba 1964 padri Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na siku hiyo hiyo padri Giovanni Didoné aliuawa Fizi pamoja na padri Albert Joubert, ambaye hakuwa mgeni hata kidogo, maana alizaliwa katika nchi hii na mama yake alikuwa Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne wenye heri. Twalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: ukarimu wa kwetu, ambao wazee husema ulikuwa mkamilifu, ulipata kuvunjika vibaya, wala haikuwa mama muuza sombe aliyeuvunja. Bunduki iliuvunja.

Sasa turudi kwenye bei. Katika mfano wa Msamaria mwema, sura ya 10 ya Luka, yuko mtu mmoja ambaye wahubiri humsahau: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfunga yule mtu majeraha, akampeleka nyumbani humo, asubuhi akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Mwenye nyumba akapokea fedha. Bwana wetu hamlaumu hata kidogo. Tena tuangalie vema: alikubali kumtunza mgonjwa kwa ahadi tu ya mtu asiyemjua, tena Msamaria! Biashara ya chakula husimama juu ya imani ya namna hiyo. Mama wa Baraka humwandikia deni kijana wa pikipiki anayeahidi kulipa jioni; naye kijana hula akiamini kwamba samaki si wa juzi. Kila mmoja ameweka kitu chake mikononi mwa mwenzake.

Basi chakula chauzwa, wala si dhambi. Samaki, makala, jasho na benchi vyaweza kupewa bei. Lakini yako mambo ambayo bei haiyafikii, na hapo ndipo tunapoona makosa ya siku hizi.

Kosa moja ni la mlaji. Huyu akishatoa faranga zake hujiona amemnunua na mpishi. Hupiga meza, humwita mama wa umri wa mama yake "wewe", hutupa mifupa chini. Huyo hatutasema mengi juu yake. Kila mtu humjua.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo hufanyika kwa utulivu. Ni la baba wa nyumba ambaye amepokea mshahara au ameuza mzigo wake, akaingia kula mukeke mzima peke yake, akafuta mdomo, akaenda nyumbani na kukaa mbele ya sombe isiyo na mafuta pamoja na watoto, akisema hana njaa. Mke hunyamaza. Watoto hufikiri baba amewaachia. Hatusemi mwanamume asile sokoni. Mwenye safari na mwenye kazi ya mbali hana njia nyingine. Lakini huyu hakuwa na safari. Alijificha apate kula. Katika lubunga asingaliweza, maana wote wangalimwona.

Kosa la tatu ni letu sisi wenye nyumba. Ndugu atoka Lulenge au Ngandja, afika mlangoni jioni, nasi twamwelekeza: "Kuna restora pale sokoni." Twaona tumemsaidia. Nyumba ya chakula ilianzishwa kwa ajili ya yule asiye na mtu; sisi twaitumia kumfanya mwenye watu awe kama asiye na mtu. Na hili ndilo, twadhani, wazee walitaka kulisema, ila walimlaumu mpishi mahali pa kumlaumu mwenye mlango uliofungwa.

Labaki swali moja gumu, la mwenye njaa asiye na faranga, anayesimama nje ya nyumba ya chakula na kutazama ndani. Tangu mwaka 2025 vita vya jimbo letu vimewasukuma watu wengi kukimbilia upande wa Fizi na Baraka, na hao huonekana kila asubuhi. Wengine husema mama awape. Mara moja atawapa, mara ya pili atawapa. Mara ya tatu mtaji wake umekwisha, na mji umepoteza chungu kimoja. Hatuwezi kumtwika yeye peke yake kwa sababu tu yuko karibu na sufuria. Ndani ya nyumba hiyo wamekaa watu kumi, na kila mmoja ana sahani aliyoilipia, na benchi lina nafasi ya mtu mmoja akisogea.