Tundu Lisilozibwa

Wako watu ambao siku zao za mapumziko huvaa ovaroli, wakaingia karakana kukwangua kutu kwenye vifaru vya vita vilivyokwisha zamani. Hawalipwi. Katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, kusini mwa Uingereza, watu wa kujitolea wa namna hii ni wengi. Mwenye haraka atawaita wapenda vita. Mimi sithubutu. Aliyemwona fundi akilegeza kwa mafuta na subira nati iliyoshikana miaka hamsini, anajua kwamba mkono ule hauna hamu ya kuua; unataka kitu kifanye kazi yake. Na hapo ndipo swali linaponikaba, maana kazi ya kifaru ni ipi?

Tazama kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger 131, chenye uzito wa tani zipatazo 57. Waingereza walikiteka Tunisia mwezi wa Aprili 1943, baada ya kombora kukwamisha kichwa chake kinachozunguka na waliokuwamo kutoka wakakiacha. Makumbusho ya Bovington ilikipata mwaka 1951. Kazi ya kukifufua, iliyofanywa pamoja na karakana ya jeshi, ilianza mwaka 1990, na mwaka 2003 kikarudi kikinguruma. Injini yake ya asili ilikuwa imekatwa ili watazamaji waone ndani, basi ikatiwa ya kifaru kingine. Wagiriki wa kale walibishana kama jahazi lililobadilishwa mbao moja moja bado ni jahazi lile lile. Ubishi huo haunisumbui. Mtu aliyetiwa meno ya bandia ni yeye yule. Kinachonisumbua ni kwamba Tiger kikiwashwa siku za maonyesho, watu hufurahi na kupiga picha. Mwaka 1943, aliyesikia mngurumo ule upande wa pili alitafuta shimo la kujificha.

Sasa twende kaskazini mwa Ufaransa, kwenye kijiji cha Flesquières. Huko, tarehe 20 Novemba 1917, kifaru cha Kiingereza kilichoitwa Deborah kilipigwa kwa mizinga, na watano kati ya wanajeshi wake wanane wakafa. Baadaye kikafukiwa ardhini kikasahauliwa. Philippe Gorczynski, mwenye hoteli katika mji wa Cambrai, alikitafuta kwa miaka, na mwaka 1998 yeye na wenzake wakakifukua. Tangu mwaka 2017 kina makumbusho yake kijijini hapo. Hawakukitia injini, hawakukipaka rangi, wala hawakuziba matundu yake. Ubavu umepasuka, na mtazamaji anaona mahali kombora lilipopita.

Wote hawa wamehifadhi chuma, lakini naona wamefanya mambo mawili tofauti. Kwa muda nilidhani nimepata kanuni: palipofia mtu ndani, fundi aweke spana chini; walipotoka watu wakiwa hai, atengeneze apendavyo. Kanuni hiyo inapendeza, ila ina upungufu mkubwa. Inawahesabu waliokuwa ndani ya kifaru tu. Walioelekezewa mzinga wa Tiger hawakuwa ndani yake, na hakuna tundu linalowakumbuka. Mashine iliyoua inabaki nzima. Iliyouawa ndiyo yenye ushahidi mwilini.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari, alinipinga. Alisema kifaru kilichokufa hakimtishi mtu, ni chuma chakavu tu. Kinachotembea ndicho kinachoitikisa ardhi mpaka mtoto amshike babaye mkono. Ana hoja, na siwezi kuipuuza. Hofu ile ndogo ya mtoto ni elimu ambayo picha haiitoi. Kwa hiyo sisemi Tiger kisiwashwe. Nasema rangi mpya isifunike makovu, na anayekiwasha, kabla watu hawajapiga makofi, aeleze kilitengenezwa kimfanye nini binadamu. Wenye kujitolea wanaweza kuifanya kazi hiyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wao wameingiza mikono yao mle ndani, wanajua jinsi palivyo pafinyu na jinsi ilivyo taabu kutoka.

Kule Flesquières hakuna haja ya maelezo mengi. Makumbusho ilijengwa jirani na makaburi ya vita, na wale watano wamezikwa humo.